Chumvi, Chokaa na Udongo Mwekundu

Mwezi wa Mei mwaka 1994 nilipoteza watoto wanne wa nguruwe katika muda wa siku sita, na waliokufa hawakuwa wale wanyonge. Mfugaji yeyote anajua kwamba katika kila uzao yupo yule wa mwisho, mwembamba, anayesukumwa na wenzake kutoka kwenye chuchu nzuri. Huyo ukimkuta amenyooka asubuhi unamfukia na kuendelea na kazi. Wangu walikwenda kinyume. Alitangulia mnono kuliko wote, yule ambaye mke wangu alikwisha kumpigia hesabu ya karo. Akafuata wa pili kwa unono, kisha wa tatu, kana kwamba kuna mtu aliyekuwa akiingia bandani usiku na mizani. Wale wembamba walibaki.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Uyole, nje kidogo ya mji wa Mbeya. Wasomaji wa rika langu hawahitaji kuelezwa mshahara wa mwalimu wa miaka ile ulivyokuwa. Vijana niwaambie tu kwamba ulikuwa mdogo, na mara nyingi ulifika mwezi mwingine ukiwa umekwisha kuanza. Kila mtumishi alikuwa na mradi. Huyu alifuga kuku wa mayai, yule mkewe alikaanga maandazi, mwingine alilima viazi huko Umalila. Mimi nilichagua nguruwe, kwa sababu nguruwe huzaa wengi, hukua upesi, na nyama yake, hiyo tunayoiita kitimoto, haikukosa mnunuzi pale Mwanjelwa. Nilikopa katika chama chetu cha kuweka na kukopa, nikajenga banda la matofali ya kuchoma, nikanunua jike mmoja mwenye mimba. Mwanangu wa kwanza alikuwa aingie kidato cha kwanza katika shule ya kulipia Januari iliyofuata. Kwa hiyo msomaji akinisikia nasema watoto wanne, aelewe kwamba nazungumza juu ya muhula mzima wa shule.

Banda lile lilikuwa na sakafu ya saruji, na sakafu hiyo ndiyo niliyojivunia kuliko kitu kingine chochote. Nimezaliwa milimani huko Kilolo, mkoa wa Iringa, ambako nguruwe wa utotoni mwangu walilala katika matope nyuma ya jiko na kuzurura mpaka mashambani kwa watu, wakatuletea kesi kwa balozi wa nyumba kumi. Nilikuwa nimeapa kwamba wangu hawatafanana na wale. Sakafu niliiosha asubuhi na jioni. Walimu wenzangu walikuja kuitazama, na mmoja alisema ni safi kuliko ofisi ya mwalimu mkuu, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Alipokufa wa nne nikamwita bwana mifugo. Alikuwa mzee wa Kinyakyusa aliyekaribia kustaafu, mtu wa maneno machache. Hakutazama pua, hakuuliza habari za kuhara. Alimnyanyua mtoto mmoja aliyebaki, akalifunua sikio lake na kulielekeza kwenye mwanga wa mlangoni. Lilikuwa jeupe kama karatasi ya daftari.

“Mwalimu, hawa wamewahi kukanyaga ardhi?”

Nikamjibu kwa fahari kwamba tangu wazaliwe hawajakanyaga uchafu hata siku moja.

“Basi ndiyo hiyo,” akasema.

Alichonieleza siku ile, na nilichokuja kukisoma baadaye vitabuni, ni hiki. Mtoto wa nguruwe huzaliwa na akiba ya madini ya chuma ipatayo miligramu 50. Kila siku anahitaji kama miligramu 7 ili atengeneze damu ya kumtosha, maana mwili wake hukua kwa kasi ya ajabu. Katika juma la kwanza pekee uzito wake huongezeka karibu mara mbili. Maziwa ya mama yake, ambayo yana karibu kila kitu kingine, humpa miligramu 1 tu kwa siku. Mwanafunzi wa darasa la tatu anaweza kuimaliza hesabu hiyo: 50, toa 6 kila siku. Baada ya juma moja na siku kidogo akiba imekwisha. Na anayenyonya vizuri ndiye anayekua haraka, na anayekua haraka ndiye anayehitaji damu nyingi. Ndiyo sababu wanono walitangulia. Masikio huwa meupe, pumzi hupiga ubavuni kwa nguvu, kisha siku moja mtoto akikimbilia chuchu moyo wake hushindwa.

Nilimwambia kwamba nilikuwa nimempa mama yao majani ya viazi vitamu na mchicha mwingi kwa ajili ya damu. Alicheka kidogo. Mama unaweza kumlisha misumari, alisema, chuma hakipiti kwenye maziwa. Lazima apewe mtoto mwenyewe. Akatoa chupa ndogo yenye dawa ya rangi ya kahawa nzito na kumchoma kila aliyebaki mililita 2 shingoni, ambazo kwa dawa ile zilikuwa miligramu 200 za chuma. Hiyo ni kazi ya siku ya tatu tangu kuzaliwa. Sisi tuliifanya siku ya ishirini na tano. Hata hivyo waliobaki walipona, na baada ya siku kumi masikio yao yalikuwa mekundu.

Jambo hili halikuwa geni duniani. Mwaka 1923 watafiti wawili wa Uskoti, McGowan na Crichton, walikwisha kuandika juu ya nguruwe waliokuwa wakiugua kwa kukosa chuma, na sindano ya namna ile ilipatikana katikati ya miaka ya 1950. Kabla ya sindano wafugaji wa Ulaya waliwatupia watoto mabonge ya udongo. Nguruwe wa Kilolo hakuhitaji kutupiwa, kwa sababu tangu siku ya pili au ya tatu ya maisha yake pua yake ilikuwa ardhini, na ardhi ya kwetu ni nyekundu kwa sababu ya chuma hichohicho. Mimi nilikuwa nimemtoa nguruwe kwenye dawa yake, nikamweka juu ya saruji, nikaiosha saruji kwa sabuni.

Mwishoni mwa Oktoba mwaka ule jike alizaa tena, watoto kumi. Safari hii nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kimoja: dawa ya sindano haikupatikana. Nilizunguka maduka ya mjini siku mbili nikarudi mikono mitupu.

Wakati huo mama yangu alikuwa amekuja kutoka Kilolo, kwa basi la Iringa, pamoja na dada yangu mkubwa. Mama alikuwa na rovu. Shingo yake ilikuwa imevimba tangu siku zote ninazozikumbuka, na utotoni sikujua kwamba ni ugonjwa. Wanawake wengi wa rika lake kijijini walikuwa na shingo za namna hiyo, na sisi watoto tulidhani ndivyo shingo ya mama inavyokuwa. Lakini mwaka ule ilianza kumbana akimeza, naye akaja ili daktari wa mjini ampime. Alisema atakaa wiki mbili. Alikaa miezi mitatu, kama ilivyo desturi ya wazazi wetu, na simlalamikii.

Dada yangu hasikii wala hasemi, na kimo chake kinaishia kifuani kwangu. Alizaliwa mwaka 1949, wa kwanza katika nyumba yetu. Hakuwahi kukaa darasani. Lakini wanyama anawajua. Siku ya kwanza alipoingia bandani aliwatazama wale kumi kwa muda mrefu, akapiga magoti na kuwafunua masikio mmoja mmoja kuelekea mlangoni, kama alivyofanya bwana mifugo, ingawa hakuna aliyewahi kumfundisha. Kisha akamgeukia mama na kumwonyesha kiganja cha mkono wake, upande mweupe.

Mama akaniuliza udongo uko wapi. Nikaanza kumweleza habari za minyoo. Akanikatiza: “Mwanangu, wewe ulikula udongo mimbani mwangu kila siku, na hapo umesimama.” Ni kweli kwamba wajawazito wa kwetu hutamani udongo, na sokoni unauzwa umekatwa vipande mpaka leo, ingawa siku hizi wataalamu wanasema hauwasaidii akina mama, hata huweza kuwazuia wasipate chuma cha chakula. Sikubishana naye. Bwana mifugo alipopita nikamuuliza, nikitumaini atanitetea, naye akasema mama ana haki, ila udongo wenyewe uchaguliwe.

Hapa naomba nisieleweke vibaya. Wako watu wakisikia kisa hiki husema, basi tuwarudishe nguruwe nje kama zamani. La hasha. Nguruwe anayezurura hula mavi ya binadamu, na katika nyanda zetu hizi, Mbeya na Mbozi na hata huko Iringa, tegu wa nguruwe ni tatizo la kweli. Mtu akila mayai ya tegu huyo kupitia mikono michafu au mboga, mabuu yanaweza kuingia ubongoni na kumletea kifafa. Ninamkumbuka mwanafunzi wangu mmoja aliyeanguka motoni. Sikujua siku zile kwamba kifafa na nguruwe anayezurura vinaweza kuwa kitu kimoja, wala sidai kwamba kifafa cha kijana yule kilitokana na hicho; nasema tu kwamba banda lilikuwa jambo sahihi na saruji ilikuwa jambo sahihi. Tatizo ni kwamba ukimfungia mnyama umechukua juu yako kazi zote ambazo ardhi ilikuwa ikizifanya bila kukwambia.

Udongo tuliuchimba mlimani, mbali na vyoo na njia za nguruwe, tukiondoa tabaka la juu na kuchukua ule wa chini, futi mbili hivi. Dada aliubeba kwa karai. Kila siku aliwawekea koleo moja kwenye kona ya banda, na watoto waliugombania kama peremende. Hakufa hata mmoja. Mwezi wa Desemba, nilipopata dawa ya sindano, sikuwa na haja nayo, nikaiweka kwa ajili ya uzao uliofuata. Tangu hapo nimetumia sindano, kwa sababu udongo haupimiki na sindano hupimika. Lakini siku ambayo sindano haipatikani najua pa kwenda.

Ushindi huo ulinipa kiburi, na kiburi kikazaa kosa la pili. Kama kukosa madini kulikuwa kumeua wanne, niliwaza, basi sasa watapata madini mpaka wachoke. Chakula changu kilikuwa pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa kidogo. Nikaongeza chokaa ya mifugo ili mifupa iwe imara. Kipimo kilikuwa kilo moja na nusu hivi katika kilo 100; mimi nilitia zaidi ya nne. Juu yake nikaongeza kopo la unga wa rangi ya waridi nililouziwa dukani, ambalo karatasi yake ilisema lina madini yote.

Januari, walipofika umri wa wiki kumi, ngozi zao ziliharibika. Kwanza vidoa vyekundu tumboni, kisha magamba makavu miguuni, masikioni na kwenye mkia, yakakauka na kupasuka kama tope la jaruba lililokosa maji. Ukuaji ulisimama. Jirani yangu alisema ni ukurutu, nikawaogesha kwa dawa mara mbili, bila faida. Dada ndiye aliyetuonyesha kwamba si ukurutu. Alijikuna mkono wake kwa nguvu, akawaonyesha nguruwe kwa kidole, akatikisa kichwa. Na kweli, hawakuwa wakijikuna ukutani. Nguruwe mwenye ukurutu hana amani hata dakika moja.

Bwana mifugo alikuja, na safari hii alikaa kwenye kigoda akaniambia nimtajie kila ninachotia. Nilipofika kwenye chokaa aliinua mkono nisimame.

Zinki ni ile inayopakwa kwenye bati ili lisishike kutu. Mwilini nguruwe anaihitaji kwa ajili ya ngozi na kukua, kidogo sana: gramu 10 katika kilo 100 za chakula zinamtosha sana. Pumba na mashudu vina zinki, lakini wameifunga. Mbegu zote zina kitu kinachoyashika madini yasiachie tumboni kwa urahisi. Chokaa ikizidi, kifungo hicho hukazwa zaidi. Hivyo mnyama anaweza kula zinki kila siku na kuitoa yote katika samadi. Watafiti wa Alabama, Marekani, Tucker na Salmon, ndio waliothibitisha mwaka 1955 kwamba magamba yale huponywa kwa zinki. Kabla yao walikuwako wafugaji wengi kama mimi, wenye nia njema na ndoo ya chokaa.

Lile kopo la waridi bwana mifugo alilipima kwa njia ya jikoni. Aliomba limau, akalikamulia juu ya kijiko cha unga. Ukachemka na kutoa povu. Akasema kuchemka si kosa, kwa kuwa watengenezaji wengi hutumia chokaa kubebea madini. Lakini huu ulichemka mpaka ukabaki maji ya rangi tu. Nilikuwa nimenunua chokaa kwa bei ya dawa, nikaiongeza juu ya chokaa. Nilirudi dukani. Mwenye duka alinisikiliza kwa adabu, akaniambia hata yeye alinunua, na sikuwa na la kumjibu.

Dawa ikawa kupunguza chokaa na kutafuta zinki halisi, ambayo ilipatikana kwa mtu aliyekuwa akienda Morogoro. Ngozi zilianza kusafika katika muda wa wiki mbili. Mke wangu, ambaye husema kidogo kuliko anavyojua, alichukua mizani ya kupimia sukari akaitundika mlangoni mwa stoo ya chakula. Hakusema neno.

Tamaa yangu ya kuzidisha haikuwa yangu peke yangu. Huko Ulaya, ambako mizani haikukosekana, watoto wa nguruwe walioachishwa kunyonya walipewa kwa miaka mingi zinki hadi gramu 2 na nusu katika kila kilo ya chakula, mara nyingi kupita mahitaji, ili wasiharishe. Isiyotumika ikatoka na samadi kwenda mashambani na kwenye maji. Umoja wa Ulaya ulisitisha matumizi hayo mwaka 2022. Shaba nayo ni hivyohivyo. Ule mrututu tunaopulizia kahawa nguruwe anauvumilia, hata humkuza. Kondoo akila chakula hichohicho cha nguruwe muda mrefu hufa. Jirani yangu aliwahi kuniomba mabaki kwa ajili ya kondoo wake wawili, na nashukuru niliuliza kabla ya kutoa.

Lakini sijafika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Siku ile ya chokaa, bwana mifugo aliniuliza mwishoni kabisa, kama mtu anayekumbuka kitu akiwa ameshasimama: “Na chumvi? Unatia chumvi gani?” Nikamwambia ni ya mawe, ya bei nafuu. Akasema nitafute yenye madini joto, robo kilo katika kilo 100 za chakula. Milima hii yetu, alisema, mvua imeiosha madini joto kwa miaka isiyohesabika. Udongo una chuma, hilo hauna. Alikuwa ameona vijijini, alipokuwa kijana kazini, majike wakizaa watoto wasio na nywele, wenye shingo nene, wengine wafu, wengine wazima lakini wamezubaa, hawajui kutafuta chuchu. Watu walisema nguruwe amerogwa. Hakuwa amerogwa. Alikosa chumvi nzuri wakati wa mimba.

Mama alikuwa amekaa kizingitini akichambua maharage. Nilidhani hasikilizi.

“Na mtu je?” akauliza.

Bwana mifugo akamtazama, akaitazama shingo yake, akamtazama dada yangu aliyekuwa akifagia. “Mama, mimi ni mtu wa mifugo,” akasema.

“Nakuuliza wewe kwa kuwa ndiye unayejua.”

Akakaa tena kwenye kigoda. “Na mtu vilevile, mama,” akasema.

Inanipasa nieleze. Dada alipofika miaka mitatu bila kusema wala kutembea vizuri, ukoo ulikaa. Wakakumbuka kwamba kwenye harusi ya wazazi wangu shangazi, dada yake baba, alikuwa amegombania ng'ombe mmoja wa mahari na kutamka maneno mabaya mbele ya watu. Haikuhitajika zaidi ya hapo. Shangazi alifukuzwa pamoja na watoto wake, akaenda Mufindi kuchuma chai, na jina lake halikutajwa tena nyumbani kwetu. Mimi nilikua nikijua kwamba nina shangazi mchawi. Alifariki mwaka 1981, na baba hakwenda kuzika. Baba naye akafariki miaka mitano baadaye.

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 serikali, kupitia Taasisi ya Chakula na Lishe, iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya ambazo tezi la shingo lilikuwa limezidi, na katikati ya miaka ya 1990 sheria ikaanza kudai chumvi ya kula itiwe madini hayo. Mama alikuwa amemeza vidonge hivyo. Jioni ile ndipo aliponiambia. “Walituambia ni dawa ya rovu,” akasema. “Ya mtoto hawakuniambia.”

Hakula usiku huo. Mimi pia, kusema kweli, nililala nikimfikiria mzee yule alivyorudi kukaa kwenye kigoda. Kiasi ambacho mjamzito anahitaji kwa siku hakifiki hata miligramu moja. Kwa mimba nzima hakijazi kijiko cha chai. Daktari alikuwa amekwisha kusema shingo ya mama haina haja ya kupasuliwa. Aliyebaki na shida alikuwa mwingine, naye alikuwa amelala Mufindi.

Mwezi wa Aprili, shule zilipofungwa, nilimpeleka mama huko. Tulishuka Mafinga, tukapanda gari jingine hadi kwenye mashamba ya chai. Alibeba kuku na debe la maharage. Binamu yangu mkubwa alitupokea nje, akatukaribisha ndani alipojua sisi ni nani, lakini hakutuamkia. Mama alisema aliyokuja kusema, kwa Kihehe, akiwa amekaa chini mkekani ingawa kiti kilikuwapo. Alieleza habari za chumvi na za mtoto tumboni. Nguruwe hakuwataja. Binamu alisikiliza mpaka mwisho.

“Mjomba alilijua hili kabla hajafa?”

“Hakujua.”

“Na mama yangu?”

Mama hakujibu, kwa kuwa jibu lilikuwa palepale. Binamu akasema, “Tumesikia.” Akaagiza kuku achinjwe, yule wa kwake, si yule tuliyemletea. Tukala. Alitupeleka kaburini, akasimama kando huku mama akipalia majani kwa mikono. Hatukuwa ndugu tena kama zamani, maana zamani hiyo mimi wala yeye hatukuijua, lakini harusi ya mwanangu mwaka 2006 alikuja na kukaa upande wa ndugu wa baba, mahali pa shangazi.

Mama hakuiona siku hiyo. Alifariki mwaka 2003. Mimi nilistaafu nikarudi Iringa, nikajenga Kihesa. Yule mwanangu aliyesomeshwa kwa nguruwe sasa ndiye anayewafuga, majike kumi na wawili, juu ya saruji. Madini hununua kwa mtengenezaji anayemwamini, hupima kwa mizani ya umeme, na hunicheka nikitoa limau mfukoni. Chumvi ya nguruwe na ya jikoni kwetu hutoka katika aina moja ya pakiti.

Dada bado yupo nasi, naye ni mzee sasa. Kila jike akizaa, siku ya tano au ya sita huingia bandani kabla ya mtu mwingine, huwabeba watoto mlangoni na kuyafunua masikio yao kwenye mwanga. Mwanangu amekwisha kuwachoma sindano, anajua hakuna haja. Lakini mwezi uliopita dada alitoka na mmoja, akamwonyesha kiganja. Mwanangu akafungua daftari lake, akakuta siku ile alichoma tisa, na walikuwa kumi.